Kuungama, Kisha Kurudisha cha Watu

Majilio, zile wiki nne kabla ya Krismasi, yakikaribia, na tena Kwaresima ikifika katikati, watu huanza kunifuata. Swali ni lile lile: "Mama Katekista, nina miaka sijaungama. Nianzie wapi?" Nimelijibu barazani, nimelijibu njiani natoka shamba na jembe begani, na siku moja nimelijibu kwenye foleni ya kupima korosho, kwa kunong'ona, maana aliyekuwa mbele yetu alishaacha mazungumzo yake akatega sikio. Bora niliandike.

Nafundisha dini katika kigango kimoja, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, katika bonde la Lukuledi kusini mwa Tanzania, kati ya Mtama na Ndanda. Mimi si padre, siwezi kumwondolea mtu dhambi hata moja. Ninachofanya ni kumwandaa ili afike kwa padre akijua anachokwenda kusema, kisha kukaa naye baada ya hapo. Na hapo baadaye ndipo wengi wanapokwama. Kuungama kwenyewe ni dakika chache. Mtu hutoka ameondolewa dhambi zake, anafurahi, anakwenda kunywa chai. Lakini fedha ya jirani bado iko mfukoni mwake, na jina la jirani bado limechafuka kijijini. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye habari ya kurudisha, ingawa wewe umeuliza habari ya kuungama tu.

Naandika kwa Wakatoliki wenzangu. Waanglikana wa Masasi, ambao kanisa lao lilianzia kwa wamisionari Waingereza wa chama cha UMCA mwaka 1876, nao wana maungamo kwa padre, kwa hiyo mengi yatawafaa. Mlutheri au Mpentekoste anayeungama kwa Mungu moja kwa moja, au mbele ya mchungaji wake, aruke hadi kwenye kurudisha. Hapo hatuna tofauti.

Kujichunguza kwa kufuata msimu

Mtu akiambiwa "tafuta dhambi zako" hukaa akitazama dari. Hakumbuki kitu. Ukimpa orodha ya Amri Kumi anasema hajaua, hajaabudu sanamu, basi amemaliza. Mimi huwaambia wafuate shamba, kwa sababu sisi wa huku tunakumbuka mambo kwa msimu kuliko kwa tarehe.

Anza na masika, wakati wa kupalilia. Ulimpa nani kibarua ukamlipa pungufu kwa kuwa ulijua ana njaa? Nani alikuja kuomba unga ukasema hakuna, na debe liko uvunguni? Nenda kwenye wakati wa salfa, ile dawa ya unga ya kupuliza mikorosho. Pembejeo zilipogawiwa, ulijiandikisha mikorosho mingapi, na mingapi unayo kweli? Njoo kwenye mavuno. Uliokota korosho chini ya mkorosho wa nani? Mpaka wa shamba ulisogea wenyewe au ulisogezwa? Halafu malipo yakaingia benki: mkeo alijua ni kiasi gani? Kisha mabibo na pombe zake, uraka na nipa, na yaliyosemwa na kutendwa ukiwa umekunywa. Kisha sherehe za jando na unyago. Kisha misiba, na maneno ya kwenye misiba. Ukifika hapo utakuwa umepata zaidi ya ulivyotarajia.

Andika ukipenda, ila andika kwenye karatasi ya peke yake na uichome baadaye. Nimewahi kuona orodha ya namna hiyo ikiwa nyuma ya daftari la hisabati la mtoto wa darasa la nne, na mwalimu alishasahihisha upande wa pili.

Ukitafuta, tafuta zako. Nusu ya wanaokuja kujiandaa kwangu wanaanza na dhambi za mume, za mawifi, za mwenyekiti wa kitongoji. "Mume wangu anakunywa uraka toka asubuhi." Hiyo ni ya kwake, aachiwe aipeleke mwenyewe. Wewe sema ulichomjibu, ulichomwambia mtoto juu ya baba yake, na ule ufunguo ulioficha ili alale nje.

Si kila kosa lina uzito mmoja. Dhambi ya mauti ina mambo matatu kwa pamoja: jambo lenyewe ni zito, ulijua ni zito, na ulilikusudia. Hizo ndizo lazima uziungame, kila moja kwa aina yake na, kadiri unavyokumbuka, ni mara ngapi. "Nimeiba" haitoshi. "Nimeiba fedha za kikundi, mara tatu" inatosha. Huna haja ya kueleza njia uliyopita na nguo uliyovaa. Ndogo ndogo si lazima, lakini ni vizuri kuzitaja.

Halafu majuto. Watu huniuliza kama lazima walie. Hapana. Majuto ni kukataa ulichofanya na kukusudia kutorudia, uwe na machozi au usiwe nayo. Anayejuta kwa kuwa amemkosea Mungu anayempenda, hayo ni majuto kamili. Anayejuta kwa kuogopa adhabu, majuto yake si kamili, ila kwa kitubio, yaani sakramenti hii ya kuungama, yanatosha. Anayejuta kwa sababu amekamatwa tu, huyo bado hajaanza.

Siku yenyewe

Sheria ya Kanisa inadai walau mara moja kwa mwaka, na imesimama tangu Mtaguso wa Lateran wa mwaka 1215. Wengi wetu tunaichukua hiyo mara moja na kuisogeza hadi Juma Kuu, na matokeo yake padre mmoja anakuta watu wamejipanga hadi barabarani. Usingoje Juma Kuu. Majilio huangukia wakati watu wana fedha za korosho mkononi, na kwa anayetakiwa kurudisha cha mtu hakuna wakati mzuri kuliko huo.

Padre ana vigango vingi, kwako anafika kwa zamu. Mpigie au umtumie ujumbe siku mbili kabla: "Shikamoo Padre, naomba nafasi ya kuungama kabla ya Misa." Usimkamate anapovaa kanzu na kengele inalia. Ataharakisha, nawe utaharakisha.

Kigangoni kwetu hakuna kile chumba cha maungamo chenye dirisha la wavu. Padre huweka kiti pembeni ya kanisa, chini ya mkorosho mkubwa, anavaa stola ya zambarau shingoni, anageuza uso upande wa shamba. Anayeungama hupiga magoti ubavuni pake. Tatizo ni foleni. Watu wanapenda kusogea ili wasipitwe, na upepo wa asubuhi unabeba maneno. Mimi huchora mstari mchangani kwa kisigino, mbali, na hakuna wa kuuvuka hadi mwenzake ainuke. Halafu naiambia kwaya ifanye mazoezi upande huo huo wa foleni. Besi zikianza kuunguruma, hata mwenye masikio ya sungura hasikii kitu. Kama kigango chako hakina utaratibu huu, mwombe katekista wako. Ni haki yako kuungama bila kusikiwa.

Ukipiga magoti, fanya ishara ya msalaba na useme: "Nibariki Padre, kwa kuwa nimekosa." Mwambie uliungama lini mara ya mwisho, hata ukisema "nilipopata Kipaimara" hatashtuka. Mwambie kama umeoa au umeolewa, inamsaidia kukuelewa. Taja dhambi. Anza na ile unayoiogopa kuliko zote, kwa sababu ukiiweka mwisho utajikuta unaiacha. Malizia kwa kusema unatubu na zile usizozikumbuka. Padre atakushauri kidogo, atakupa malipizi, yaani sala au tendo la kufidia kosa, kisha utasali Sala ya Kutubu. Ukiisahau, na wengi huisahau pale pale, sema kwa maneno yako, au "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Naye atanyosha mkono na mwisho utasikia: "Nami nakuondolea dhambi zako, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Itikia Amina kwa sauti.

Dhambi nzito uliyoisahau kwa kweli imeondolewa pamoja na nyingine, utaitaja safari ijayo. Uliyoificha kwa makusudi ni jambo jingine: hapo hukuungama, na umeongeza kufuru juu yake.

Wanaoficha huwa wanaogopa mambo mawili. La kwanza ni siri. Kanuni ya 983 ya sheria za Kanisa inamkataza padre kabisa kumsaliti aliyeungama, kwa neno au kwa namna nyingine yoyote, kwa sababu yoyote. Akiivunja siri hiyo moja kwa moja, anajitenga na Kanisa papo hapo, bila kungoja hukumu ya mtu. Haruhusiwi hata kukuuliza baadaye "lile jambo lako likoje" kama wewe hukulianzisha. Kama bado unaona aibu kwa kuwa paroko anakula kwako kila sikukuu, hakuna sheria inayokulazimisha kuungama kwake. Panda basi uende Ndanda, kwenye abasia, ile monasteri ya watawa Wabenediktini walioko pale tangu 1906, umwombe padre usiyemjua.

La pili ni kudhani kwamba dhambi yao haina padre wa kuiondoa. Wanawake hasa, na hasa waliotoa mimba. Dada yangu, tangu mwaka 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadre wote ruhusa ya kuondoa dhambi hiyo. Huhitaji barua ya askofu. Yule anayekuambia uende hadi Roma hajui anachosema.

Wanaoishi bila ndoa, au Mkatoliki aliyefungishwa ndoa kwa sheria ya dini nyingine, na sisi wa pwani hii tuna ndugu wengi wa namna hiyo, wasije kwenye foleni kwanza. Waende ofisini kwa paroko. Ndoa ya Mkatoliki na Mwislamu inaweza kufungwa kwa ruhusa ya askofu na mwenzako akabaki na dini yake. Kuna watu wamekaa miaka bila sakramenti kwa kutolijua hilo. Wenye wake wawili, habari yao ni ndefu kuliko hapa.

Na kama mvua imekata barabara na padre hafiki? Fanya majuto kamili pale ulipo, ukikusudia kwa dhati kuungama mara utakapompata padre. Kanisa linafundisha kwamba hayo yanaleta msamaha hata wa dhambi ya mauti. Soma Zaburi ya 51 polepole: "Unioshe kabisa na uovu wangu, unitakase dhambi zangu." Kisha padre akija, nenda. Wapo waliokaa kwenye "majuto kamili" tangu masika ya mwaka juzi na lami ipo.

Kurudisha fedha na mali

Zakayo alipomkaribisha Bwana nyumbani kwake hakusema "nimetubu" akaishia hapo. Alisema, katika Luka 19:8, kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila anamrudishia mara nne. Bwana akajibu kwamba wokovu umefika nyumbani humo. Kanisa halikudai mara nne. Linadai ulichochukua, na hasara uliyosababisha.

Chukua mfano wa karani wa mizani. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na huku kwetu, msimu wa korosho, hakuna mstari wa Biblia unaosikilizwa kwa ukimya zaidi. Tuseme karani alipunguza kilo mbili kwa kila mkulima, wakulima arobaini. Ni kilo themanini. Tuseme bei ya mnada ilikuwa shilingi 3,000. Ni shilingi 240,000. Aandike hesabu hiyo kabla ya kwenda kuungama, maana padre atamuuliza, na jibu la "kidogo kidogo tu, Padre" halina namba.

Sasa, je, lazima asimame mbele ya mkutano wa chama cha msingi aseme "ni mimi"? Hapana. Katika fedha unatakiwa kurudisha, hutakiwi kujivunjia jina lako hadharani. Waweza kurudisha kwa siri. Njia nyepesi ni kumwomba padre mwenyewe afikishe: bahasha yenye jina la mkulima, na maneno "hii ni yako, mwenye kuirudisha anaomba msamaha." Padre hatasema imetoka wapi. Mwaka mmoja mzee wa kigango chetu alipokea bahasha kama hiyo, akaihesabu, akaihesabu tena, kisha akatangaza mbele yetu wote kwamba hajui nani, ila kama kuna mwingine naye aje. Tulicheka hadi machozi. Nadhani kuna mtu mmoja pale hakucheka sana.

Mwenye mali akiwa amekufa, wape warithi wake. Angalia ni warithi gani: kwetu Wamwera, kama kwa Wamakonde na Wamakua, ukoo ulifuata upande wa mama tangu zamani, na familia nyingine bado zinahesabu hivyo, kwa hiyo uliza kwanza kwa busara kabla hujampa fedha mtu wa kwanza anayenyosha mkono. Mwenye mali asipojulikana kabisa, fedha iende kwa maskini, na maskini huyo asiwe binamu yako. Huna uwezo wa kulipa yote? Lipa kwa awamu, kila mauzo kidogo, na usiongeze deni jipya. Kanisa halimdai mtu asichonacho, linamdai nia ya kweli, na nia ya kweli inaonekana mwezi wa kumi na moja, malipo yanapotoka.

Kuna hili la kangomba, na najua nitawaudhi baadhi ya watu. Mwezi wa pili, mkulima hana unga, unampa fedha ya kununua debe la mahindi, mnakubaliana kwamba mavuno ya mkorosho wake ni yako kwa bei ya kutupa. Wanunuzi huniambia, "Mama, mimi nilimsaidia. Nisingempa angelala njaa." Serikali imeshasema ni kosa. Mimi naongeza kwamba kumsaidia ni kumkopesha akulipe ulichompa. Ukitumia njaa yake kuchukua kazi yake ya mwaka mzima, umemnyonya, na hilo linaungamwa kwa jina lake. Kurudisha hapo ni ile tofauti: bei ya mnada, toa uliyompa. Wapo waliofanya hesabu hiyo wakaacha biashara. Yupo pia aliyefanya hesabu hiyo akaacha kuja kanisani. Namsalimia nikimkuta, na mlango hatujaufunga.

Kurudisha jina la mtu

Fedha ina njia ya siri. Jina halina. Jina la mtu hurudishwa pale pale lilipochafuliwa, mbele ya masikio yale yale, na hapa ndipo nimeona watu wazima wanatetemeka.

Kuna mama mmoja wa jumuiya yetu ameniruhusu nisimulie, mradi nisimtaje. Kwenye matanga ya mtoto wa dada yake, usiku, wanawake wamelala mkekani, alisema: "Nyie hamjui nani anayetembea usiku huku kwetu?" Hakutaja mtu. Hakuhitaji. Wote walielewa anamsema bibi mmoja mjane, Mwislamu, jirani yake, anayechemsha ming'oko, vile viazi vya porini, na kuuza barabarani. Ndani ya wiki sufuria ya bibi ilianza kurudi nyumbani imejaa. Watoto wakakatazwa kupita uani kwake. Mtoto alikuwa amekufa kwa malaria. Kadi ya hospitali iliandikwa hivyo.

Yule mama aliungama. Akaja kwangu na kile alichoambiwa, kwa hiari yake: Rozari fungu moja, na arudishe jina la bibi yule. Alikuja na mpango tayari. Atanunua kanga, ampelekee, yaishe. Nikamwambia kanga ni nzuri, lakini bibi huyo hajanyang'anywa kanga.

Tukapanga hivi. Kwanza aende kwa ndugu wa bibi, upande wa mama yake, kwa kuwa bibi ana mjomba mzee bado yu hai na neno zito la ukoo humpitia yeye. Wengine hutumia mtani wa ukoo, ambaye anaweza kusema jambo gumu bila kuleta ugomvi. Hiyo pia ni njia njema. Mjomba alimsikiliza, akanyamaza, akasema, "Njoo Ijumaa alasiri, wakishatoka msikitini."

Nilimfundisha asitumie maneno mawili. La kwanza ni "kama": kama nilikukosea, kama uliumia. Hakuna kama. La pili ni "shetani alinipitia." Shetani ana dhambi zake nyingi, usimwongezee ya kwako. Barazani, mkekani, baada ya shikamoo, alisema: "Bibi, nilisema juu yako kwenye matanga kwamba wewe ni mchawi. Sikuona kitu na sikuambiwa na mtu. Nilisema kwa uchungu wa mtoto na kwa chuki ya siku nyingi. Nimekuja kusema ni uongo, na nitasema hivyo hivyo mbele ya waliousikia. Nakuomba msamaha." Bibi alikuwa anamenya ming'oko. Hakusimamisha kisu. Baada ya muda alisema, "Nimesikia, mwanangu. Niachie nikae nalo."

Sehemu ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Tulingoja arobaini ya mtoto yule, kwa sababu wanawake wale wale wangekuwepo. Kabla ya kugawa pilau aliinuka akasema maneno yale yale, mafupi, akakaa. Shangazi yake alimfinya paja kwa hasira. Wengine walitazama chini, na nadhani baadhi yao walikuwa wanahesabu ya kwao.

Sehemu ya tatu hakuambiwa na mtu, aliibuni mwenyewe. Alianza kununua ming'oko kwa bibi, akakaa pale pale kandokando ya barabara, akala mbele ya wapita njia, na mtoto wake mdogo akampa. Watu wa vijijini huamini kinachoingia tumboni kuliko kinachotoka mdomoni. Wateja wamerudi, si wote.

Bibi hajasema amesamehe, na mama huyu aliniuliza kama basi Mungu naye anangoja. Hapana. Msamaha wa Mungu aliupata siku ile chini ya mkorosho. Mathayo 5:24 inatutuma tuende kupatana na ndugu, yaani tutembee hadi kwake tukiwa na neno la kweli; jibu ni la yule aliyekosewa, na ana haki ya kulichelewesha. Usimshinikize kwa kumletea wazee kila wiki. Hiyo ni kumkosea mara ya pili.

Kuna yasiyorudishika. Daudi aliyesali ile Zaburi ya 51 hakuweza kumrudisha Uria kwa mkewe. Aliomba aumbiwe moyo safi kwa sababu hakuwa na kingine cha kuleta. Kama kosa lako ni la namna hiyo, mweleze padre, akusaidie kupata tendo unaloweza: yatima wa kusomesha, mgonjwa wa kuhudumia, deni la mtu la kulipa. Uzinzi ni wa pekee kidogo. Usikimbilie kumwambia mwenzako ili wewe upumue na yeye asilale. Zungumza kwanza na muungamishi, yaani padre unayemwungamia. Ila kapime damu kabla hujarudi kitandani kwake. Hilo halingoji.

Siku zinazofuata

Fanya malipizi siku ile ile. Ukiyaahirisha utayasahau.

Kama uliungama kwenda kwa mganga, ile hirizi iliyo chini ya kizingiti ichimbue uichome. Usiiache "kwa tahadhari."

Dhambi ile ile inaweza kurudi, hasa ya pombe na ya hasira. Rudi kuungama, usione haya. Lakini dhambi iliyokwisha kuondolewa usiiungame tena na tena. Nina bibi mmoja ambaye kila Pasaka humrudia padre na kosa la ujana wake, kabla ya Uhuru. Padre aliyetangulia alimwambia imeondolewa, na huyu wa sasa amemwambia vile vile. Kwa watu kama hao nasema wabaki na muungamishi mmoja, wamtii.

La mwisho ni la wagonjwa. Familia nyingi zinachelewa kumwita padre kwa hofu kwamba mgonjwa akiona mafuta matakatifu atajua anakufa. Mpako huo wa mafuta ni kwa ajili ya mgonjwa, na mgonjwa anayeweza kusema ndiye anayeweza kuungama. Mwite mapema. Andaa meza ndogo yenye kitambaa cheupe, mshumaa, msalaba na maji. Padre akiingia, msalimieni, kisha wote mtoke nje, hata mke, hata yule mjukuu anayesema yeye haelewi. Zima redio. Na namba ya simu ya paroko iandikwe ukutani kwa mkaa, karibu na mlango, maana usiku wa shida ndiyo simu ya nyumba nzima huwa haina chaji, na itabidi ukaombe ya jirani.